Injini ya Gari la Aina Nyingine: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

(Mazungumzo na wananchi wa Kata ya Njinjo, Wilaya ya Kilwa)

 

Njinjo iko kwenye barabara itokayo Nangurukuru kwenda Liwale, na hakuna haja ya sisi wageni kuwaeleza wenyeji habari za barabara hiyo. Mnaijua kwa vumbi lake la kiangazi na kwa tope lake la masika. Mahali kama hapa gari si pambo. Ndilo linalofikisha ufuta na korosho ghalani, ndilo linaloleta saruji na mabati, na usiku wa manane ndilo linalompeleka mama mjamzito Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Kwa hiyo injini ya gari moja inapokufa, hasara haimhusu mwenye gari peke yake.

Tuchukue mfano. Mkulima ameuza ufuta wake mnadani, amelipwa, na fedha hizo amezitenga kufufua Noah yake ambayo injini yake imenoki. Fundi anamwambia kwamba injini ya aina ile ile ni ghali au haipatikani, lakini ipo nyingine ya gari jingine, nzuri na ya bei nafuu, nayo "itaingia tu". Mkulima anatuma fedha Dar es Salaam, injini inapakiwa kwenye lori, inasafiri zaidi ya kilomita 250 hadi Nangurukuru, kisha inaletwa hapa. Inapofunguliwa, haikai. Fundi anadai fedha za kuchomelea vikalio vipya, kisha za waya, kisha za giaboksi. Msimu unapita gari likiwa juu ya magogo. Hakuna aliyemwibia mtu huyu kwa kisu. Ameumizwa na neno moja tu, "itaingia".

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya neno hilo.

Kwa nini watu huweka injini ya gari jingine

Hatukuja kusema kwamba jambo hili ni kosa. Liko kote nchini, na mara nyingine lina busara. Zipo injini za petroli za Toyota zenye maandishi ya D-4, ambazo hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa. Injini hizo hazivumilii mafuta machafu, na mahali ambapo petroli huuzwa kwenye madumu na chupa, pampu na nozeli zake huharibika mapema. Ndiyo maana wenye magari wengi wameziondoa na kuweka injini ya kawaida ya 3S-FE.

Vivyo hivyo, mwenye Hilux yenye injini ya dizeli ya 2L huweka 3L au 5L. Injini hizi tatu ni za ukoo mmoja. Zimetengenezwa kwa mpango unaofanana, na fundi mzoefu huzibadilisha bila kulikata gari. Wapo pia walioweka kwenye Land Rover injini ya Land Cruiser iitwayo 1HZ, kwa sababu spea zake ziko kila mji na mafundi wake hawakosekani.

Basi swali la kumuuliza fundi ni hili: "Itakaa bila kukata nini, bila kubadilisha nini, na kwa gharama gani ya jumla?"

Jina la injini si injini nzima

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuamini herufi zilizoandikwa juu ya injini. Tuirudie ile 3S-FE. Imefungwa kwenye RAV4 za zamani, na pia kwenye Noah za zamani. Jina ni moja na ukubwa ni mmoja, sentimita za ujazo 1998. Lakini kwenye RAV4 injini imelazwa kwa upana wa gari, na kwenye Noah hizo imekaa kwa urefu, chini ya viti vya mbele, ikizungusha magurudumu ya nyuma. Kwa sababu hiyo sampo ya oili, vikalio, mabomba ya kuingizia hewa na sehemu ya kuungana na giaboksi hazilingani. Aliyenunua "3S" bila kutaja gari lake amepata alichokitaja, ila hakupata alichokihitaji.

Kosa la pili ni kusahau kwamba injini haifanyi kazi peke yake. Magari ya miaka ya karibuni yana kompyuta inayoongoza mafuta na moto wa plagi, na kwenye gari la otomatiki huongoza pia ubadilishaji wa gia. Injini ngeni ikija bila kompyuta yake na bila mtandao wake wa waya, inaweza isiwake kabisa, au iwake na gari lisibadilishe gia. Baadhi ya magari yana ufunguo wenye alama ya siri inayotambuliwa na kompyuta. Ukibadilisha kompyuta, ufunguo ulio nao hautambuliki tena. Kwa hiyo ulizeni kabla: injini inakuja na nini? Kompyuta imo? Waya zimekatwa au ni nzima? Stata na alternata zimo?

Kosa la tatu ni kupenda nguvu bila kupima uzito. Injini ya 1HZ ina silinda 6 na ukubwa wa sentimita za ujazo 4164. Ni ndefu na nzito kuliko injini ya silinda 4 iliyokuwa ndani ya Land Rover. Uzito huo unakandamiza springi za mbele, rejeta inahitaji kupangwa upya, na kati ya injini na giaboksi panatakiwa bamba la kuunganishia lililochongwa kwa usahihi. Zaidi ya yote, gari lenye nguvu zaidi na uzito zaidi linahitaji breki zinazoliweza. Gari linalopanda mlima vizuri likashindwa kusimama kwenye mteremko ni hatari kwa kila aliyemo.

Kuikagua injini iliyotumika

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Injini iliyotumika haielezi ilikotoka, lakini ina dalili zake.

Ombeni fundi wenu aizungushe kwa spana kabla ya fedha kutoka mkononi, isiyozunguka imekwama. Fungueni kifuniko cha oili: utando mweupe kama maziwa ni dalili kwamba maji yamechanganyika na oili. Toeni plagi moja na kuangalia kama ina kutu. Ninyi wa bonde la Mto Matandu mliyaona mafuriko ya Januari 2020, na mnajua maji ya tope yanavyopenya kila mahali; injini iliyolala ndani ya maji inaweza kupakwa rangi ikang'aa, na kutu ikabaki ndani. Ikiwezekana, silinda zote zipimwe mgandamizo kwa kipimo chake, na vipimo vikaribiane. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, injini hiyo ina ugonjwa.

Asiyeweza kusafiri na amtume fundi anayemwamini, si dereva wa lori. Na muuzaji apige picha ya namba ya injini iliyochongwa kwenye bloku na kuituma kabla ya malipo. Injini itakapofika, linganisheni. Namba iliyosuguliwa au kufutwa ni sababu tosha ya kuiacha, hata kama bei yake inavutia, kwa kuwa huenda ni mali ya wizi, na atakayekutwa nayo ni wewe.

Kadi ya gari

Watu wengi hudhani kwamba kazi huisha injini inapowaka. Sivyo. Kadi ya usajili wa gari hutaja namba ya injini, ukubwa wake na mafuta inayotumia. Gari ambalo kadi yake inasema 2446 huku ndani mna injini ya 2986, au kadi inasema petroli na gari linakunywa dizeli, haliko sawa na karatasi zake. Mwenye gari anapaswa kupeleka taarifa za mabadiliko hayo Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ndiyo msajili wa magari, ili kadi irekebishwe.

Tunawashauri mwulize ofisi ya TRA kabla ya kununua, mjue ni karatasi zipi zitatakiwa kuthibitisha injini ilikotoka. Ukiuliza baada ya kununua, muuzaji aliyekunyima karatasi hutampata tena. Mjulisheni pia aliyewakatia bima. Ajali ikitokea, au siku mtakapotaka kuliuza gari, kutolingana kwa namba ndiko kutakakoonekana kwanza.

Maneno yako dukani yana uzito

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamlinda mnunuzi kwa njia ambazo wengi hawazijui. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Na pale mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo katika biashara yake, bidhaa inatakiwa ifae kwa matumizi hayo.

Tazameni tofauti iliyopo. Ukisema, "Nipe 3S," umeomba kitu kwa jina lake, na ukipewa 3S muuzaji ana la kujitetea. Ukisema, "Nina Noah ya namba hii ya chasisi, nataka injini itakayokaa humo," umemweleza matumizi, na dhamana imehamia kwake. Semeni hivyo, na muandike hivyo katika ujumbe wa simu ili ubaki ushahidi. Lakini mkumbuke, mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionesha. Ukikagua, kagua kweli.

Nayo Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji juu ya ubora, historia au matumizi ya awali ya bidhaa. Bango lisemalo "mali ikishauzwa hairudishwi" halimpi mtu ruhusa ya kuuza kitu kwa maelezo ya uongo.

Risiti ya mashine idaiwe kila mara, ikiwa na jina la duka, tarehe na kiasi halisi kilicholipwa. Ombeni pia karatasi ya mauzo inayotaja aina na namba ya injini, gari inakokwenda kufungwa, na siku za majaribio mlizokubaliana.

Mapatano na fundi

Mafundi ni ndugu zetu, na wengi wao ni waaminifu. Mapatano ya maandishi huwalinda wao pia. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: ni nani ananunua injini, gharama ya kazi ni kiasi gani, ikiwa ni pamoja na kuchomelea, waya, rejeta, hozi na oili, kazi itakwisha lini, na kikizuka kisichotarajiwa, mwenye gari ataulizwa kabla ya fedha kutumika.

Malipo yaende kwa mafungu, na fungu la mwisho litolewe baada ya gari kujaribiwa likiwa na mzigo, kwenye mlima na kwenye mteremko, mpaka injini ipate moto kamili. Injini ya zamani ni mali yako mpaka utakapokubali vinginevyo. Usiiuze wala usiitoe kuwa malipo kabla ya mpya kuthibitika, kwani mara nyingine vifaa vyake ndivyo vinavyohitajika kukamilisha kazi.

Mambo yakiharibika

Simamisheni kazi mapema. Kila kinachokatwa huongeza mabishano. Pigeni picha. Mwandikieni muuzaji, mkieleza kasoro na mnachotaka: kubadilishiwa, kurudishiwa fedha au kupunguziwa. Akikataa, pelekeni lalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani mkiambatanisha risiti, ujumbe na picha. Asiyeweza kuandika na amwombe Mtendaji wa Kijiji amsaidie. Penye dalili za wizi au utapeli, nendeni polisi.

Ndugu wananchi, tunajua bei nafuu inavuta, hasa msimu unapokuwa mbaya. Ila rahisi huwa ghali, na injini ni mwanzo tu wa hesabu. Kabla ya kutuma fedha, jumlisheni injini, usafiri, kazi, vifaa vya nyongeza na marekebisho ya kadi. Kisha linganisheni jumla hiyo na gharama ya kuitengeneza injini mliyo nayo, au ya kutafuta ya aina ile ile. Mara nyingine injini ya gari jingine itashinda katika hesabu hiyo, nanyi mtaiweka kwa moyo mtulivu. Mara nyingine itashindwa, nanyi mtakuwa mmeokoa jasho la msimu mzima.

Sasa tunayakaribisha maswali yenu, na mafundi tunawaomba waanze.