Usalama wa Simu Hauletwi na Siri



Hakuna ofisi ya serikali wala shule isiyotumia karatasi ya A4. Vipimo vyake viliwekwa Ujerumani mwaka 1922, na baadaye vikakubaliwa na Shirika la Kimataifa la Viwango. Kiwanda cho chote duniani chaweza kukata karatasi ya vipimo hivyo bila ya kumwomba mtu ruhusa. Mwenye kutengeneza majalada, na mwenye kutengeneza mashine za kuchapia, wote wawili hujua kwamba karatasi hiyo itaenea katika kazi yao. Hicho ndicho kiwango kilicho wazi: kanuni iliyoandikwa, inayojulikana na wote, iliyokubaliwa na wengi, na isiyokuwa mali ya mfanyabiashara mmoja. Mnunuzi asiporidhika na kiwanda hiki huenda kwa kingine, na barua zake za zamani hubaki zikisomeka.

Jambo la kuchunguzwa ni kama utaratibu huo unafaa pia kwa chombo ambacho watu wengi hukibeba mfukoni, yaani simu ya mkononi. Swali hilo si dogo. Simu imekwisha kuwa zaidi ya chombo cha maongezi. Ndani yake mna mshahara wa mwalimu, akiba ya mkulima, barua za wizara na majina ya wagonjwa. Mwenye simu hana uwezo wa kuifungua na kukagua programu zilizomo. Hana budi kuamini. Basi amwamini nani, na kwa ushahidi gani?

Yafaa kuanza na historia. Mwaka 1982 mashirika ya posta na simu ya Ulaya yaliunda kikundi cha kutayarisha kiwango kimoja cha simu za mkononi. Mwaka 1987, mjini Copenhagen, wawakilishi wa mashirika ya simu kutoka nchi 13 walitia saini mapatano ya kukitumia. Tarehe 1 Julai 1991 simu ya kwanza ya mtandao wa GSM ilipigwa nchini Finland. Faida yake ilionekana upesi. Simu ya kampuni moja iliweza kutumika katika mtandao wa kampuni nyingine, na mwenye kadi aliweza kuihamisha kutoka simu hii hadi ile. Makampuni yakalazimika kushindana kwa bei na ubora badala ya kuwafunga wateja. Kiwango hicho kikaenea duniani, Afrika ikiwamo.

Walakini katika nyumba hiyo iliyojengwa mbele ya watu, chumba kimoja kilifungwa. Kilikuwa chumba cha usalama. Maneno ya mwenye simu hugeuzwa kuwa simbo kabla ya kurushwa hewani, ili anayedaka mawimbi asiambulie kitu. Kanuni za kuyageuza, zilizoitwa A5/1 na A5/2, hazikutangazwa. Watengenezaji walizipewa kwa sharti la kutunza siri. Zaidi ya hayo, A5/2 ilifanywa dhaifu kwa makusudi, kwa ajili ya masoko ya baadhi ya nchi za nje. Maana yake ni kwamba walikuwako wananchi wa dunia waliouziwa kufuli bovu, na hawakuambiwa.

Siri hiyo ilidumu kwa muda gani? Kufika mwaka 1999 watafiti walikuwa wamekwisha kuifumbua kanuni yote kwa kuichambua simu ya kawaida. Mwaka 2003 wataalamu watatu wa Israeli walionyesha kwamba A5/2 yaweza kuvunjwa na kompyuta ya kawaida kwa muda usiofika sekunde moja. Miaka michache baadaye ikapigwa marufuku katika simu mpya. Mwaka 2009, katika mkutano mjini Berlin, mtaalamu wa Kijerumani Karsten Nohl alieleza njia ya kuivunja A5/1 pia, nayo ndiyo iliyohesabiwa kuwa imara.

Lakini kisa cha mwaka 2021 chashinda vyote kwa mafundisho. Watafiti wa Ulaya waliichunguza GEA-1, kanuni iliyotumika kulinda mawasiliano ya intaneti katika simu za zama za GSM. Ufunguo wake ulitangazwa kuwa na tarakimu 64 za sifuri na moja. Walipoichambua waliona kwamba nguvu yake halisi ni ya tarakimu 40 tu, na wakaandika kwamba dosari ya namna hiyo haielekei kutokea kwa bahati. Kila tarakimu inayopunguzwa huigawa kazi ya mwizi kwa mbili. Kupunguza 24 ni kumrahisishia kazi zaidi ya mara milioni 16. Kanuni hiyo ilikuwa imekatazwa katika simu mpya tangu mwaka 2013, lakini watafiti waliikuta bado imo katika baadhi ya simu zilizotolewa mwaka 2018. Kosa lililofichwa huishi maisha marefu kuliko kosa lililo wazi, kwa sababu hakuna anayelidai lirekebishwe.

Ndugu wasikilizaji, wako watakaosema kwamba kutangaza namna kufuli lilivyoundwa ni kumfundisha mwizi. Hoja hiyo yastahili jibu. Kila fundi mjini anajua kufuli la kawaida linavyofanya kazi, na milango ya watu haifunguki kwa sababu hiyo. Kinacholinda mlango ni ufunguo. Mholanzi Auguste Kerckhoffs alilieleza jambo hilo mwaka 1883, katika jarida la kijeshi la Ufaransa: mtambo wa simbo uwe salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, maadamu ufunguo haumo mikononi mwake. Sababu yake ni rahisi. Ufunguo ukiibiwa hubadilishwa siku ile ile. Kufuli lililokwisha kutiwa katika simu milioni mia halibadilishwi kwa siku moja, wala kwa mwaka mmoja.

Na ushahidi wa upande wa pili upo. Mwaka 1997 taasisi ya viwango ya Marekani ilitangaza shindano la kupata kanuni mpya ya simbo. Mwaka 1998 zilikubaliwa kanuni 15 kutoka nchi mbalimbali, zote zikawekwa hadharani, na mabingwa wa dunia wakaalikwa kuzishambulia. Mwaka 2000 ilichaguliwa kanuni ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na mwaka 2001 ikawa kiwango rasmi kwa jina la AES. Leo hii inatumika katika mabenki na katika simu za kila aina. Kila mwanafunzi wa chuo kikuu aweza kuisoma, na bado haijapatikana njia ya kuivunja kwa vitendo pale inapotumiwa ipasavyo. Haikupata nguvu kwa kufichwa. Iliipata kwa kupigwa na wengi bila ya kuanguka.

Hata hivyo itakuwa kosa kudhani kwamba uwazi peke yake watosha. Mwaka 2007 kampuni ya Google na washirika wake walitangaza mfumo wa Android, ambao kiini chake ni programu iliyo wazi kwa kila mtu kuisoma na kuitumia. Simu ya kwanza ya mfumo huo ilitoka mwaka 2008. Ni Android iliyowezesha simu za kisasa kuuzwa kwa bei nafuu, na kwa hilo yastahili sifa. Lakini mwezi Julai 2015 ilitangazwa dosari iliyopewa jina la Stagefright, katika sehemu ya mfumo inayoshughulikia picha na sauti. Ujumbe mmoja wa video ulitosha kumfungulia adui mlango, hata kama mwenye simu hakuugusa. Walioigundua walikadiria kwamba simu zipatazo milioni 950 zilikuwa hatarini.

Dawa ilipatikana, lakini haikuwafikia wagonjwa wote. Rekebisho lilipaswa kutoka Google, likapita kwa mtengenezaji wa vipuri vya ndani, likafika kwa mwenye jina la simu, na mahali pengine likasubiri idhini ya shirika la mtandao. Katika kila kituo palikuwa na mtu aliyekwisha kupokea fedha zake. Simu za bei ya juu zilihudumiwa. Nyingi za bei ya chini ziliachwa. Google ilianza kutoa taarifa za usalama za kila mwezi mwaka huo huo wa 2015, na mwaka 2017 ikabadili muundo wa mfumo ili marekebisho yapite kwa urahisi zaidi. Hatua hizo zilikuwa njema, lakini fundisho halifutiki: programu kuwa wazi ni jambo moja, na kuwako mtu anayewajibika kuitunza ni jambo jingine.

Tena neno lenyewe «wazi» lahitaji kuchunguzwa kabla ya kupigiwa makofi. Mwezi Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34. Pamoja na makosa mengine, tume ilisema kwamba kampuni hiyo iliwabana watengenezaji wa simu waweke programu zake za kutafutia habari na kuvinjari, na kuwazuia kuuza simu zenye matoleo ya Android isiyoyaidhinisha. Mwaka 2022 mahakama ilipunguza faini hiyo hadi bilioni 4.125, lakini ikaunga mkono sehemu kubwa ya uamuzi. Basi mlango waweza kuwa wazi, na ua ukabaki umefungwa.

Haki yataka upande wa Apple nao usemwe. Kampuni hiyo hutengeneza simu pamoja na mfumo wake, na haimpi mtu mwingine mamlaka juu yake. Kwa utaratibu huo rekebisho likitolewa huwafikia wote kwa wakati mmoja. Simu yake ya iPhone 6s, ya mwaka 2015, ilipokea hata toleo kuu la mfumo la mwaka 2021. Ni dhahiri kwamba mwenye simu hiyo alihudumiwa vizuri kuliko wengi walionunua simu za mfumo «wazi». Lakini nguvu hiyo haikutokana na usiri. Mwezi Agosti 2016 watafiti wa Citizen Lab ya Toronto na wa kampuni ya Lookout walifichua programu ya upelelezi iitwayo Pegasus, iliyokuwa ikiingia katika iPhone kwa kupitia matundu matatu yasiyojulikana. Waliofichua hawakuwa watu wa Apple. Walikuwa wakaguzi wa nje. Apple ilipoarifiwa iliyaziba kwa muda wa siku kama kumi. Jicho la mgeni liliona, na mwenye nyumba akawajibika. Mambo hayo mawili ndiyo usalama wenyewe.

Je, makampuni yaachiwe hiari yao? Mambo yaliyotokea yanaonyesha kwamba makampuni makubwa hufuata kanuni pale inapokuwako. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2022 kwamba simu zote zitumie tundu moja la kuchajia, na kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 hilo likawa sharti. Apple, iliyokuwa na tundu lake la peke yake, ilikwisha kubadilika mwezi Septemba 2023. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, mtengenezaji hana budi kutangaza muda ambao simu yake itapata marekebisho ya usalama. Na tangu tarehe 20 Juni 2025 kanuni ya Umoja wa Ulaya inadai kwamba marekebisho ya mfumo yaendelee kupatikana kwa miaka isiyopungua 5 baada ya simu ya aina hiyo kuacha kutolewa sokoni.

Wala mfano wa karibu haukosekani. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na ikafika Tanzania mwaka 2008. Hapo mwanzo kila kampuni ilikuwa kisiwa; fedha za mtandao mmoja hazikuingia moja kwa moja katika pochi ya mtandao mwingine. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel ziliunganisha huduma zao nchini Tanzania, na mwaka 2016 Vodacom ikajiunga. Mapatano ya kanuni za pamoja ndiyo yaliyovunja kuta hizo. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mwenye simu ndogo hutuma fedha kwa njia ya nyota na reli, na ulinzi wa njia hiyo hewani hutegemea usimbaji wa mtandao wenyewe. Kwa hiyo habari za A5/1 zinamhusu mama muuza samaki kama zinavyomhusu profesa wa Berlin.

Ndugu watumishi wa umma, ofisi inaponunua simu au mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu, haitoshi kuuliza bei. Muuzaji aulizwe mambo matatu. Kwanza, kanuni zinazotumika zimeandikwa hadharani, ili siku ofisi ikitaka kuhama iondoke na kumbukumbu zake? Pili, ni nani wa nje aliyekagua usalama wa mfumo huo, na taarifa yake iko wapi? Tatu, marekebisho yatatolewa kwa miaka mingapi, na ahadi hiyo imo katika mkataba? Muuzaji anayejibu kwamba usalama wa mali yake ni siri ya kampuni amekwisha kujibu maswali yote matatu.

Na walimu wana kazi iliyo kubwa zaidi, kwa sababu mtoto anayeshika simu leo ndiye ofisa atakayetia saini mikataba kesho. Afundishwe kwamba yako mambo ya kufichwa na mambo ya kuonyeshwa. Namba ya siri ni mali ya mwenye simu, na asiitoe kwa mtu ye yote, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni. Lakini mtambo unaoilinda namba hiyo ni jambo la umma, na anayeutengeneza apaswa kuuweka mahali ambapo wenye ujuzi wataukagua. Mambo yamegeuzwa kichwa chini pale mwananchi anapotakiwa kutoa siri zake zote kwa kampuni, na kampuni yenyewe isitoe hata moja.