Hotuba ya Kumkumbuka Mwenzetu Baharia



Nimepewa heshima ya kunena machache juu ya marehemu, ambaye tulikaa naye dawati moja hapa Kampala, tukachapwa kwa kosa moja. Katika darasa letu hakuna aliyesalia wa kunisahihisha, basi yanipasa kusema kweli.

Tulipomaliza masomo mimi nilishika ukarani. Yeye alipanda gari la moshi kwenda Mombasa, akaandikwa katika Royal East African Navy, jeshi la majini la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Watu walimcheka: mtoto wa bara, asiyejua chumvi ila ya mchuzi, atakuwaje baharia? Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962, naye akarejea, akaajiriwa katika meli za Reli na Bandari zilizovuka Ziwa Viktoria kwenda Kisumu, Mwanza na Bukoba. Alidumu humo hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977.

Lakini liliokaa moyoni mwangu ni jingine. Mimi nilikuwa mwandishi wa chama chetu cha mazishi. Siku moja mtu aliopolewa ziwani akiwa maiti, hana hati wala jamaa, ila tasbihi mfukoni. Nilisema mbele ya kikao kwamba hazina ni ya waliolipa ada. Marehemu hakubishana nami. Alitoka, akanunua bafta kwa mshahara wake, akaomba maji. Nikamfuata ili nimweleze kanuni. Akanijibu kwamba melini hawakuuliza cheo cha aliyeanguka majini kabla ya kumtafuta. Kisha akanipa ndoo nishike.

Tangu madrasa nilikuwa nikijua kwamba aliyezama hutarajiwa daraja ya shahidi, na pamoja na hayo huoshwa, hukafiniwa na kusaliwa. Siku ile niliyajua kwa mikono.

Kanuni tuliibadili, nami ndiye niliyeiandika upya. Marehemu akafungua mwishoni mwa daftari kurasa za wageni: siku, mahali pa kaburi, na kila kilichokutwa mwilini, asaa jamaa akaja kuuliza. Pasipo na jina ameandika “mja wa Mwenyezi Mungu”.

Daftari hilo liko mezani hapa. Baada ya dua, mwenye ndugu aliyepotea ziwani na aje tulisome pamoja.