Damu ya Mtoto na Homa ya Matumbo

Jioni hii twapenda kunena nanyi habari ya mtoto ashikwaye na homa siku nyingi, kisha wazazi wakaambiwa, "Damu imeonyesha homa ya matumbo." Imeonyesha nini hasa?

Mara nyingi kipimo hicho ni kile kitajwacho kwa jina la tabibu Mfaransa, Fernand Widal, aliyekieleza mwaka 1896. Maji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na vijidudu vya homa hiyo vilivyokwisha kuuawa. Vikishikamana vikawa madonge, yasemwa mwili umefanya silaha za kupigana navyo. Basi angalieni: kilichoonekana ni silaha, si adui mwenyewe. Huenda silaha hizo ni za vita vya zamani, au za chanjo, au za kupigana na vijidudu vingine vilivyo jamaa yake. Hata malaria yaweza kulipotosha jibu. Tena katika juma la kwanza la ugonjwa huenda zisionekane kabisa. Yafaa damu ipimwe mara mbili, siku kumi hivi zikipita katikati; lakini ni mzazi gani awezaye kungoja siku kumi huku mwanawe awaka moto? Na mtoto mwenye malaria akitibiwa homa ya matumbo peke yake, yumo hatarini.

Iko njia iliyo bora, nayo ni kuiotesha damu ndani ya chupa yenye chakula cha vijidudu, hata adui mwenyewe azaliane aonekane. Walakini hiyo nayo hutaka siku mbili au zaidi, na katika wagonjwa kumi wa kweli yaweza kuwakosa wanne. Vijidudu katika damu ni haba, pengine kimoja tu katika mililita nzima, na mtoto hutwaliwa damu kidogo. Wako wazazi wakatazao hata hiyo kidogo. Twawaambia, mtoto wa kilo 12 ana damu ikaribiayo lita moja, na mililita tatu hazijazi kijiko cha chai.

Lililo baya zaidi ni vidonge vya antibiotiki vilivyonunuliwa dukani kabla ya kwenda hospitali. Vichache tu vyaweza kuvificha vijidudu visioteke chupani, na ugonjwa usipone. Kwa hiyo damu na itwaliwe kwanza, kisha tabibu aweza kuanza dawa siku ile ile pasipo kungoja jibu. Ikiwa mtoto amekwisha kumeza kitu, chukueni karatasi yake mkamwonyeshe tabibu, wala msifiche, na mtaje siku homa ilipoanza.