Maji ya Dodoma ni Akiba



Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, katika nyanda kame. Sensa ya 2012 ilihesabu mjini humo watu 410,956. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Kwa miongo mingi tegemeo lao kubwa limekuwa visima virefu vya bonde la Makutupora.

Vipimo vilivyochukuliwa bondeni humo tangu miaka ya 1950 vyatufundisha kwamba bonde halijazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa hasa na mvua kubwa za miaka michache, kama zile za 1997 hadi 1998. Miaka mingine twateka akiba.

Kwa hiyo hatuna budi kupanga kwa miongo, wala si kwa bajeti ya mwaka mmoja. Bonde lisivamiwe kwa ujenzi. Mabomba yavujayo yazibwe. Mapaa ya shule na ofisi yavune mvua. Bwawa la Farkwa halitatuondolea wajibu huo. Mwalimu awafunze wanafunzi kupima mvua. Mtumishi aandike kina cha kisima kila mwezi, bila kuruka.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba isiyohesabiwa huisha bila taarifa.