Kinyesi cha mbwa kiondolewe kila siku
Mazungumzo kwa wakazi wa Dabaso kuhusu usafi wa boma



Hapa Dabaso mbwa ni mlinzi. Usiku hulinda mbuzi na kuku. Mchana hufukuza nyani na tumbili mahindi yanapokomaa. Wenye mashamba karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke wanajua thamani yake. Lakini mlinzi huyo pia hujisaidia uani.

Katika maboma mengi anayefagia asubuhi hukizoa kinyesi na kukitupa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe au mkorosho. Uwanja huonekana safi. Jioni watoto wakitoka shule hukimbilia kivuli hicho hicho, wakacheza mchangani bila viatu.

Kinyesi cha mbwa mwenye minyoo hubeba mayai yasiyoonekana kwa macho. Mayai ya minyoo mirefu ya mviringo hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji wiki mbili au zaidi kukomaa udongoni, kisha huweza kukaa humo miezi, hata miaka. Huingia kwa mdomo, kupitia mikono au mboga zisizooshwa, na minyoo michanga huweza kudhuru ini, mapafu na hata jicho la mtoto.

Safura ya mbwa huja upesi zaidi. Kwenye mchanga wenye joto, unyevu na kivuli, minyoo michanga huwa tayari kupenya ngozi ya mguu baada ya wiki moja hivi. Mtoto huota mstari mwekundu unaojipinda na kuwasha sana.

Ndiyo maana kinyesi kinachoondolewa siku hiyo hiyo huondoka na mayai kabla hayajakomaa. Kilichokauka au kusambazwa na mvua hakionekani tena, lakini mayai yamebaki.

Maji nayo yamo hatarini. Eneo hili lina mwamba wa matumbawe, jiwe la aina ile iliyojenga mji wa kale wa Gede. Mwamba huo una nyufa, hivyo mvua za masika hupeleka uchafu visimani kwa haraka, na mwingine ukaishia mikokoni, katika Hori ya Mida.

Hatua za kufuata nyumbani ni hizi:

1. Kinyesi kizolewe kila asubuhi kwa koleo au kifuu kisichotumiwa kwa kazi nyingine.

2. Kitiwe ndani ya choo cha shimo. Kikihitaji kufungwa, gazeti kuukuu au jani la mgomba latosha. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017.

3. Pasipo na choo cha shimo, lichimbwe shimo la kina cha nusu mita au zaidi, lisilopungua mita 30 kutoka kisimani. Kila kinyesi kifukiwe kwa udongo, na shimo lifunikwe ili kuku na mbwa wasifukue. Majivu hupunguza harufu na nzi.

4. Kisitumiwe kama mbolea ya mchicha au mboga nyingine. Kisitupwe horini wala ufuoni.

5. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na watoto wavae ndara.

6. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa wa mifugo. Watoto wa mbwa huanza wakiwa na wiki mbili. Mbwa wakubwa hupewa kila miezi mitatu. Asilishwe matumbo mabichi ya mbuzi au ng'ombe.

Mtoto mwenye mstari unaowasha mguuni apelekwe kituo cha afya. Asitobolewe kwa sindano wala kupakwa mafuta ya taa. Dawa yake ipo.

Mbwa hulinda boma usiku kucha. Asubuhi, dakika tano za mwenye boma zawatosha watoto kucheza salama kivulini.