Mama Akitoka Upasuaji, Kikundi Kifanye Nini?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kiboko)



Leo hatukuja kuongea juu ya mbuzi wala matuta. Tumekuja na jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona: mama aliyepasuliwa kwa ugonjwa wa kizazi. Wengine wameondolewa uvimbe, wengine kizazi chote. Mama anarudi kutoka Makindu, Wote au Mutomo na mshono wake na karatasi ya hospitali. Sisi twampa pole, twanywa chai, twaenda zetu. Hapo ndipo tunapokosea.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Miaka iliyopita, mwanachama wa kikundi kimoja tulichokitembelea aliondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe uliomtoa damu nyingi. Wiki ya tatu kulikuwa na mwethya wa kuchimba matuta. Hakuja. Tulikuwa tumeketi pale pale jina lake lilipoandikwa katika daftari la faini, na hatukusema neno. Wiki iliyofuata alikuja na jembe, na alfajiri alikuwa ameshateka maji. Siku ya pili mshono ukafunguka, ukatoa usaha. Alirudi wodini, akapona, lakini mbuzi wawili waliuzwa. Faini yenyewe ilikuwa shilingi hamsini.

Kwa nini tulikosea? Kwa sababu alionekana mzima. Ngozi ya nje hushikana mapema, lakini nyama ya ndani huhitaji wiki sita au zaidi. Jerikeni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Ukiibeba mgongoni kwa kamba ya kichwani, tumbo lote hukaza, na mshono wa ndani huvutwa.

Basi, mama afanye nini katika wiki hizo sita?

1. Asibebe maji, kuni, gunia wala mtoto mzito. Asilime, asitwange.
2. Asilale kutwa. Atembee polepole nyumbani na uani, akiongeza kidogo kila siku. Kutembea huzuia damu kuganda miguuni.
3. Mshono uwe safi na mkavu. Usipakwe majivu, chumvi wala dawa ya majani. Anawe mikono kabla ya kuugusa.
4. Ale ndengu, mbaazi, mboga za majani, mayai, na maini yakipatikana, kwa maana alipoteza damu. Anywe maji mengi na ale papai, ili asijikamue chooni.
5. Amalize dawa zote alizopewa, hata akijisikia vizuri.
6. Asiingize kitu chochote ukeni, na asikutane na mume wake mpaka daktari amkague na kumruhusu. Kwa kawaida ni wiki sita hadi nane. Akina baba, tunawaambia ninyi hasa.
7. Arudi hospitali siku aliyoandikiwa, na aulize majibu ya kipimo cha nyama iliyotolewa.

Uchovu, maumivu yanayopungua siku hadi siku, na damu kidogo au majimaji ya kahawia kwa wiki chache, hayo ni ya kawaida. Lakini dalili zifuatazo si za kungojea asubuhi:

– Homa ya digrii 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi.
– Mshono unavimba, una joto, unatoa usaha au unafunguka.
– Uchafu wenye harufu mbaya kutoka ukeni.
– Damu nyingi, hata pedi moja inalowa kabisa kwa saa moja.
– Tumbo linajaa na kuuma zaidi, anatapika, hatoi hata hewa.
– Mkojo hautoki kabisa, au unavuja wenyewe bila kujizuia. Huenda kibofu au mrija wa mkojo umetoboka. Hii si laana wala aibu. Ni jeraha, na hospitali hulitibu.
– Mguu mmoja unavimba na kuuma, hasa kwenye shavu la mguu. Usichuliwe wala kukandwa! Damu iliyoganda yaweza kupanda mpaka mapafuni.
– Kukosa pumzi ghafla, maumivu ya kifua, au kuzirai. Hapa ni mbio za dakika.

Akiona hata moja, aende hospitali na karatasi yake. Tafuteni gari, si bodaboda ya kumrusharusha kwenye mashimo. Usajili wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uwe tayari, lakini kukosa usajili kusiwe sababu ya kukaa nyumbani.

Kuna na maneno ya sokoni: eti asiye na kizazi si mwanamke tena, eti mume amtafute mwingine. Si kweli. Mama huyo hatapata hedhi wala mimba, basi. Mapenzi na nguvu za kazi hurudi. Lakini akiondolewa pia ovari, anaweza kupata joto la ghafla na kukosa usingizi, naye amwambie daktari. Wengi hulia faraghani siku hizo. Kaeni naye, msikilizeni.

Wazee wetu walikuwa na mwethya kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa. Kama mwethya huchimba tuta la jirani, utashindwaje kumtekea jirani maji? Kikundi cha watu 14, kila mmoja akichukua siku moja, hiyo ni zamu tatu tu kwa kila mtu, na wiki sita zimekwisha. Akina baba na vijana waingie zamu. Kile kikundi tulichowaeleza kilifuta ile faini, kikaandika kanuni mpya: aliyepasuliwa hana faini kwa wiki sita, na ana maji mlangoni.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Je, daftari letu la faini linamjua mgonjwa?
2. Nani ataandika zamu ya maji na kuni, na nani atamtembelea mama kila siku ya tatu?
3. Usiku dalili ya hatari ikitokea, gari ni la nani, na nauli itatoka mfuko gani?

Msiondoke leo kabla ya kujibu swali la tatu.