Mtoto Asiyejua Kusoma ni Deni la Nani?



Ndugu wapendwa, mtoto aliyelelewa kwa Kigogo hukutana na Kiswahili cha kitabuni anapoanza shule. Akishindwa kusoma, twamwita mvivu. Hiyo ni dhuluma.

Mwaka 2014 mkoa wetu wa Dodoma uliingia katika mpango wa EQUIP, uliofadhiliwa na Uingereza. Haukuishia kwenye shule chache za mfano. Sehemu ya fedha ilipitia halmashauri. Walimu walifundishwa upya namna ya kufundisha kusoma. Waratibu Elimu Kata wakapewa pikipiki ili wafike shuleni. (Anayezijua njia za Bahi wakati wa mvua haulizi kwa nini.) Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaelekezwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu.

Mpango ulikoma mwaka 2020. Pikipiki huchakaa, na mafuta yahitaji bajeti.

Basi, viongozi wa jumuiya ndogondogo, katika mkutano ujao wa kijiji ulizeni: Afisa Elimu Kata amefika shuleni mara ngapi muhula huu? Watoto wangapi wa darasa la pili waweza kusoma sentensi moja? Majibu yaandikwe katika muhtasari.